Vijidudu Wenza: Istilahi Bora Kuliko "Nadharia ya Usafi"

Mwaka 1989 mtafiti wa Uingereza, David Strachan, alichapisha katika jarida la British Medical Journal makala fupi kuhusu watoto 17,414 waliozaliwa nchini humo katika wiki moja ya Machi 1958. Aliona kwamba kadiri mtoto alivyokuwa na ndugu wengi, hasa waliomtangulia kuzaliwa, ndivyo ilivyokuwa nadra kwake kuugua mafua ya mzio alipokua. Akadokeza kuwa huenda maambukizi ya utotoni, yanayoletwa nyumbani na kaka na dada, humkinga mdogo wao. Dokezo hilo likapata jina ambalo likifasiriwa neno kwa neno huwa "nadharia ya usafi". Naona tafsiri hiyo inapotosha, na kwa watu wa Marambo, huko Nachingwea na Ruangwa kusini mwa Tanzania, inaweza hata kudhuru. Napendekeza tuseme "nadharia tete ya vijidudu wenza".

Tuanze na mzio wenyewe, ambao mitaani huitwa aleji. Neno hili ni la zamani: mzio ni kile ambacho mtu hali wala hagusi kwa kuwa kinamdhuru au ni mwiko kwake. Linafaa sana, maana ndivyo unavyofanya mwili wa mgonjwa. Hukifanya mwiko kitu kisicho na hatia, kama chavua, vumbi la nyumbani au karanga, na kutengeneza kingamwili dhidi yake. Kitu hicho kikirudi, seli humwaga histamini, na mtu hupiga chafya, huwashwa au hubanwa kifua. Kinga ya mtoto haizaliwi ikijua adui ni nani. Hujifunza, hasa katika miaka ya mwanzo. Vijidudu vya utumboni, vya udongo na vya mifugo, ambavyo ndivyo naviita wenza, huchochea seli tulizi, ambazo kazi yake ni kuizuia kinga isipigane bila sababu.

Ushahidi upo, na mwingine umetoka kwa jirani. Watafiti waliowakimbiza watoto wa shule nchini Kenya na kupima pumzi zao walichapisha mwaka 1998 kwamba njia za hewa zilibana kwa takriban asilimia 23 ya watoto wa Nairobi, lakini kwa asilimia 13 tu ya wale wa vijijini Murang'a. Huko Entebbe, Uganda, watoto ambao mama zao walipewa dawa ya minyoo ya albendazo wakiwa wajawazito walipata ukurutu, yaani pumu ya ngozi, zaidi ya wale ambao mama zao walipewa vidonge visivyo na dawa. Atakayesema hayo ni mambo ya damu na ukoo atazame Marekani: Waamishi na Wahutterite, jamii mbili za wakulima, wana asili inayokaribiana, lakini utafiti wa 2016 ulikuta pumu kwa asilimia 5 hivi ya watoto wa Kiamishi, wanaoishi karibu na mazizi, na asilimia 21 ya wenzao, ambao jamii yao hufuga kwa mashine.

Zipo pingamizi nzito. Baadhi ya virusi vinavyoshambulia mapafu ya mtoto mchanga huambatana na pumu baadaye. Minyoo ya askaris nayo imehusishwa na ongezeko la pumu. Tena, katika vijiji 26 vya wavuvi kwenye visiwa vya Ziwa Viktoria, kuzidisha dawa za minyoo kwa miaka mitatu hakukuongeza mzio. Mimi naona pingamizi hizi zinaliangusha jina kuliko wazo. Zinatuonyesha kwamba si kila ambukizo hukinga, na kwamba wakati una uzito wake: Entebbe dawa ilitangulia kuzaliwa, visiwani ilikuja wakati wengi wameshaishi na minyoo miaka mingi. Kinachofundisha kinga ni wenza wa kila siku, wala si ugonjwa wala uchafu.

Hapo ndipo Marambo inapohusika. Katikati ya miaka ya 2000, Taasisi ya Afya Ifakara na wenzake walijaribu katika wilaya tano za kusini, zikiwamo Nachingwea na Ruangwa, kuwapa watoto dawa ya SP pamoja na chanjo wakiwa na miezi 2, 3 na 9, ili kuwaepusha na malaria. Mpango kama huo humfaa tu mtoto ambaye mzazi wake anaiamini chanjo na kumpeleka. Mzazi wa huko akiambiwa kwamba sayansi ina "nadharia ya usafi" inayosema usafi huleta aleji, ataona sabuni, choo na chanjo ni vya kutiliwa shaka, ilhali kuhara na malaria huua watoto. Akiambiwa habari za vijidudu wenza, ataelewa lililo sahihi: anawe mikono atokapo chooni, amnyonyeshe mwanawe, amwache atambae uani penye kuku na mbuzi, asimnunulie dukani amoksilini, inayoua hata vijidudu wenza, kwa kila mafua. Istilahi ya afya humfikia mama kabla ya maelezo yake, kwa hiyo ni wajibu wetu kuchagua ile ambayo hata ikisikika peke yake haitamweka mtoto hatarini.