Uamuzi wa 1973, Jengo la 2025: Safari ya Mahakama Kuja Dodoma

Ndugu zetu mlioko nyumbani na mlioko mbali, kila tunapokutana kwa harambee huulizwa swali lilelile: tulichanga, mbona jengo halionekani? Swali hilo ni haki yenu. Mwaka huu tunalijibu kwa historia ya hapahapa kwetu, ya jengo la Makao Makuu ya Mahakama ya Tanzania lililopo Tambukareli, jijini Dodoma.

Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, kwa matarajio kwamba kazi hiyo ingekamilika katika miaka kumi. Mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wazee wetu waliizoea kwa jina la CDA. Mwaka 1976 mpango kabambe wa mji ukatoka, umechorwa na kampuni ya wataalamu kutoka Toronto, Kanada. Uamuzi ulikuwepo na ramani ilikuwepo, lakini fedha hazikutosha. Vita vya Kagera na ukata wa miaka ya 1980 viliirudisha kazi nyuma. Mahakama ya Rufani ilipoanzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, ikakaa Dar es Salaam.

Huku kwetu gharama ilianza kulipwa mapema. Mashamba ya mtama na uwele na malisho ya ng'ombe kandokando ya mji yalipimwa viwanja. Malalamiko ya fidia na hati yakadumu miaka mingi, mpaka Rais John Magufuli alipoivunja CDA Mei 2017 na kuelekeza hati za miaka 33 zibadilishwe kuwa za miaka 99.

Kwa upande wa Mahakama, mambo matatu yalifungua njia. La kwanza ni Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011. Iliunda Mfuko wa Mahakama na cheo cha Mtendaji Mkuu, hivyo fedha na majengo yakapata msimamizi wake, majaji na mahakimu wakabaki na mashauri. La pili ni msukumo wa Julai 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, na sheria ya 2018 ikaitambua Dodoma rasmi kuwa makao makuu ya nchi. La tatu ni kuanza na hatua za kati: tarehe 6 Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Vituo Jumuishi vya Utoaji Haki sita, kimojawapo cha Dodoma. Hatimaye, tarehe 5 Aprili 2025, akazindua Makao Makuu yenyewe. Tangu uamuzi ule ilikuwa imepita zaidi ya nusu karne.

Tunajifunza nini? Azimio la kikao peke yake halijengi. Lazima kuwe na ardhi isiyo na mgogoro, mfuko unaojulikana na mtu wa kuulizwa. Vijijini kwetu mzee hutoa eneo kwa neno la mdomo, kila mtu akashukuru. Siku anapofariki watoto wanalidai, msingi unaota nyasi na ndugu wanapelekana mahakamani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imetuwekea utaratibu: Halmashauri ya Kijiji ipitishe, Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie, na muhtasari uandikwe.

Kwa hiyo, unapotoa mchango wako mwaka huu, uliza mambo matatu: muhtasari wa eneo uko wapi, makadirio ni kiasi gani, na nani anasimamia fedha. Viongozi tusione vibaya kuulizwa. Wazee wetu walitoa mashamba ili nchi ipate makao makuu. Sisi tutoe tulichonacho, tena kwa maandishi, ili wajukuu warithi jengo na wasirithi kesi.

Haba na haba hujaza kibaba. Karibuni tuchangie.