Kinamasi kinavyopunguza mafuriko mjini: Bukavu na sisi wa Bunyakiri

Kinamasi, ao marè kama wengi wetu tunavyoita, ni bonde ambalo maji yanakaa na mafunjo yanaota. Mtu wa mji akiliona anasema: hapa ni parseli ya bei nafuu. Ndipo shida inaanza.

Tupige hesabu kidogo. Mvua kubwa ya milimita 50 ikianguka juu ya nyumba yenye mabati ya metre 8 kwa 10, inatoa litri 4.000, ni kusema bido 200 za litri 20. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo iliingia katika udongo. Leo yanashuka yote pamoja, na yale ya jirani, na ya barabara. Hektari moja ya kinamasi ikipandisha maji sentimita 30 tu, inashika bido 150.000, sawa na maji ya nyumba 750 za namna hiyo. Mafunjo yanapunguza mwendo wa maji, matope na sashe vinabaki pale, halafu maji yanatoka polepole kwa siku kadhaa. Lakini kinamasi kilichojaa tayari, mvua zikifuatana, hakiwezi kupokea mengine mengi.

Bukavu ni mji wa milima juu ya ziwa Kivu. Mto Kahuwa unashuka kati ya nyumba za Kadutu na Ibanda, chupa za plastiki zinaubana, na kandokando nafasi ya maji kupumzika karibu imekwisha. Mwisho wa mwezi wa 12 mwaka 2023, mvua iliua watu katika komine ya Ibanda. Tusidanganyane: kinamasi hakizuii mlima kuporomoka. Kule juu kunahitaji miti, mifereji, na kutojenga penye mteremko mkali. Kinamasi kinafanya kazi chini, pale maji yanapokusanyika.

Ngambo ya Ruzizi, Kigali ilichukua njia nyingine. Viwanda viliondolewa katika bonde la Gikondo, na kinamasi cha Nyandungu, hektari 121, kilitengenezwa upya na kufunguliwa kama bustani ya watu wote mwaka 2022. Ni kazi ya pesa nyingi. Kuacha bonde bila kujenga kungekuwa rahisi zaidi.

Kwetu katika teritware ya Kalehe, hakuna aliyesahau Bushushu na Nyamukubi, tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023: watu zaidi ya 400 walikufa, mito ilipofurika na kushusha mawe. Bunyakiri bado ina mabonde yaliyo wazi, ingawa senta inapanuka. Mama anayelima mateke pale bondeni si adui; mateke yanavumilia maji. Ila mifereji mirefu ya kukausha bonde zima, na udongo wa kujaza msingi wa nyumba, vinaua kinamasi.

Kongo iliingia katika mkataba wa Ramsar wa kulinda vinamasi mwaka 1996, na sheria ya mazingira ni ya tarehe 9 Julai 2011. Karatasi ziko. Kabla ya kununua parseli bondeni, uliza wazee maji yalifika wapi mvua ilipozidi, na angalia mafunjo: yanapoota, maji yatarudi.