Mikono Iliyobeba Benga ya Ukambani

Wimbo "Katelina" wa Kalambya Sisters ulivuma miaka ya 1980, na hata wasiojua neno la Kikamba waliucheza. Wengi wanazikumbuka sauti nyembamba za kina dada hao. Wachache huwataja Kalambya Boys, bendi ya Onesmus Musyoki iliyowapigia. Ondoa gitaa zao, na "Katelina" haina miguu ya kusimamia.

Gitaa lilipata wapenzi Ukambani mapema. Wakamba walikuwa wengi katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha mwaka 1945 baadhi ya askari walirudi nyumbani na vyombo na nyimbo za ugenini. Kisha zikaja santuri za Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Kwa gitaa kavu moja, Mwenda aliweza kupiga besi na sauti ya juu kwa pamoja. Vijana wengi wa Kenya walijifunza kwa kumuiga.

Benga, muziki wa gitaa wa Waluo, iliposhika kasi miaka ya 1960, Wakamba waliichukua na kuipa sura yao. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, majina matatu yalitawala: Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, na Musyoki na Kalambya Boys. Kakai aliimba sana kwa Kiswahili, na ndiyo maana alipofariki mwaka 1987 alikuwa na mashabiki mbali nje ya Ukambani.

Siri ya muziki huu iko katika mgawanyo wa kazi. Gitaa moja hushika kordi kwenye sauti za chini. La pili hupanda juu, likirudia noti za haraka zinazojaza kila mwanya ulioachwa na wenzake. Mpiga gitaa wa pili hatakiwi kujionyesha. Anatakiwa asichoke wala asiyumbe, maana akiteleza yeye, wachezaji wote uwanjani watajua.

Santuri ndogo za wakati huo zilibeba dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo mmoja mara nyingi uligawanywa mara mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa hadithi ya mwimbaji. Wa pili, mara nyingi, gitaa ziliachiwa uwanja. Hata hivyo, lebo ilibeba jina la bendi au kiongozi wake, na vijana waliopiga upande huo mzima hawakutajwa.

Marekani nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Dunia inamjua Hank Williams, mwimbaji wa muziki wa country aliyefariki mwaka 1953. Kile kilio cha gitaa la stili katika nyimbo zake nyingi kilitoka mikononi mwa Don Helms, ambaye hata wapenzi wengi wa muziki huo hawamfahamu. Tofauti ni kwamba wenzetu waliandika majina ya wapigaji, na leo Helms ana nafasi yake katika historia.

Kwetu jambo hili linagusa pia riziki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua mpigaji, si mtunzi peke yake. Lakini haki hiyo inahitaji jina: ni nani alipiga gitaa la pili katika wimbo fulani, na lini?

Majibu mengi yako vichwani mwa wazee wa Kitui, Makueni na Machakos. Redio za Kikamba hupiga nyimbo hizi, na kaunti zina idara za utamaduni. Wawaite wapigaji walio hai, wawasikilizishe santuri moja baada ya nyingine, na waandike kila jina. Waliobeba muziki wetu kwa vidole vyao wanastahili kutajwa wakiwa wangali wanasikia.