Silaha Isitengwe na Waliouawa Nayo

Yushukan ni jumba la makumbusho ya vita lililofunguliwa mwaka 1882 katika viwanja vya hekalu la Yasukuni, jijini Tokyo. Miongoni mwa silaha zake imo Kaiten, topido iliyoendeshwa na mtu aliyeketi ndani yake. Kaiten ya aina ya kwanza ilikuwa na urefu wa karibu mita 15 na kipenyo cha mita moja tu. Rubani alibanwa katikati, nyuma ya kilo 1,550 za vilipuzi, akichungulia nje kwa periskopu fupi. Mwaka 1944 Japani ilikuwa ikishindwa baharini, na wakubwa wake wa jeshi wakakubali kijana awe sehemu ya silaha. Kifaa hicho kinaweza kutufundisha mengi, ila pale tu kinapoonyeshwa pamoja na habari za walioamuru kitumike, waliokipanda na waliouawa nacho. Mmoja wao akiachwa, makumbusho yanakuwa yamechagua upande.

Yushukan imechagua. Ukumbini kuna gari moshi la aina ya C56 lililotumika katika ufunguzi wa reli ya Thailand na Burma mwaka 1943. Limepakwa rangi vizuri, na maelezo yake yanasimulia safari yake na ufunguzi wa reli hiyo ya kilomita 415. Wafungwa wa kivita zaidi ya 12,000 waliokufa wakiijenga hawasimuliwi hapo, wala vibarua wa Kiasia waliokufa kwa makumi ya maelfu. Watetezi husema hekalu ni mahali pa maombolezo, na kila taifa lina haki ya kuwalilia watoto wake. Haki hiyo sina ugomvi nayo. Kuroki Hiroshi, mmoja wa waliobuni Kaiten, alifia mazoezini Septemba 1944. Miezi miwili baadaye mwenzake Nishina Sekio alikwenda kufa katika shambulio la Ulithi, visiwa vya Pasifiki, akiwa amebeba majivu ya Kuroki. Msiba wa vijana kama hao ni wa kweli. Lakini siku hiyo ya Ulithi, meli ya mafuta ya Marekani, Mississinewa, ilizama na watu 63 wakafa. Kumlilia rubani hakuhitaji kuwaficha hao.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: washindi nao huficha. Mwaka 1995 taasisi ya Smithsonian, Marekani, ilifuta mpango wa maonyesho mapana kuhusu ndege ya Enola Gay na bomu la Hiroshima, baada ya maveterani na wanasiasa kuupinga. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hata hivyo, kosa la mmoja halimtakasi mwingine. Linaonyesha tu kwamba kipimo kiwe kimoja kwa wote. Na kipimo hicho kinawezekana. Usiku wa Mei 31, 1942, nyambizi tatu ndogo za Japani ziliingia bandari ya Sydney, na mabaharia 21 waliuawa ndani ya meli ya Kuttabul. Mabaharia wanne wa Kijapani walioopolewa walizikwa kwa heshima za kijeshi, ingawa wananchi wengi walinung'unika, na majivu yao yakarudishwa kwao. Jumba la kumbukumbu ya vita la Canberra limehifadhi nyambizi iliyoungwa kutokana na mabaki ya mbili kati ya hizo, pamoja na chumba cha usukani cha Kuttabul. Silaha na jeraha lake viko chini ya ulinzi mmoja.

Jambo hili linatuhusu sisi pia. Moja ya nyambizi hizo ndogo ilibebwa hadi Sydney na nyambizi kubwa I-27. Februari 12, 1944, I-27 hiyohiyo iliipiga Khedive Ismail, meli iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo. Ilizama kwa dakika chache na kuua watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Manowari za Uingereza zikaizamisha I-27 siku hiyohiyo. Kila nyambizi ya aina hiyo inapoonyeshwa kama ufundi mtupu, askari wetu hao wanaondolewa katika historia. Mtazamaji ana haki ya kuuliza mbele ya silaha yoyote, ya mshindi au ya mshindwa: ilimuua nani? Makumbusho yanayostahili jina hilo yawe na jibu lililoandikwa hapohapo, kwa herufi kubwa kama zile zinazotaja urefu na kasi yake.