Nyimbo za Asili: Kumbukumbu ya Wasioandikwa

Historia ya usharika huandikwa kwanza kutoka katika vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Vitabu hivyo hutupatia majina na tarehe. Havituelezi mama alipikia watoto nini mwaka wa njaa, wala kijana aliyekwenda manamba katika mashamba ya mkonge alirudi na nini. Mambo hayo yalihifadhiwa katika nyimbo za kulima, za kutwanga, za kubembeleza watoto na za msiba.

Tuwatazame wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19. Walitembea kwa miezi kati ya Tabora na Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, wakishusha pembe za ndovu pwani na kurudi bara na nguo. Mmoja alianza, wengine wakaitikia, na hatua zikalingana. Lakini wimbo haukuwa wa kupunguza uchovu tu. Ndani yake walitaja njaa, nyumba walizoziacha na ukali wa viongozi wao, kwa maana neno lililoimbwa na wengi lilikuwa vigumu kumwadhibia mmoja. Wafanyabiashara walihesabu pembe. Waliozibeba walijieleza wenyewe kwa kuimba.

Kweli, wimbo si daftari. Hauna tarehe, na mtunzi hutia chumvi. Hata hivyo, hutuonyesha jambo lililowauma watu hata wakaliimba pamoja.

Hapo Kanisa nalo lina sehemu yake. Wamisionari wengi walikataza ngoma, na Wakristo wa kwanza wakafundishwa nyimbo za Kijerumani. Baadaye mlango ulifunguliwa. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa Makumira, alitunga “Mfurahini, Haleluya” kwa sauti ya asili ya nchini, na leo wimbo huo huimbwa na Walutheri wa mataifa mengi. Tunamshukuru Mungu. Lakini tukumbuke kwamba sauti za asili ziliporudi kanisani, maneno yake ya zamani hayakurudi pamoja nazo. Nayo ndiyo yaliyobeba njaa, kodi na safari za babu zetu.

Wazee wanaoyakumbuka wamebaki wachache. Hatuna budi kuwatuma vijana wa kwaya wakae nao, wayarekodi kwa lugha yake yenyewe, hata yale yanayotusema sisi wachungaji. Hapo watakaoandika historia ya miaka 100 ijayo watakuta maisha ya watu, si majina yao tu.