Njia za neva za refleksi ya mboni

Refleksi ya mboni ni kusinyaa kwa mboni za macho zinapomulikwa na kutanuka kwake gizani, bila mtu kukusudia. Kipenyo cha mboni ya mtu mzima hubadilika kati ya takriban milimita 2 na 8. Njia yake ya neva hutoka jichoni, huingia ubongo wa kati na kurudi katika macho yote mawili, ndiyo maana tochi ndogo ya daktari huweza kufichua madhara yaliyo ndani kabisa ya fuvu.

Safari huanzia kwenye retina. Baadhi ya seli za ganglioni zilizomo zina melanopsini, kemikali inayoziwezesha kuhisi mwanga zenyewe. Taarifa hupita katika neva ya macho, yaani neva ya pili ya fuvu, hadi makutano ya neva hizo, ambako nusu hivi ya nyuzi huvuka upande wa pili. Nyuzi za kuona huendelea hadi thalamasi. Zile za refleksi hujitenga kabla ya hapo na kuingia viini vya pritektamu, nyuma ya ubongo wa kati. Kwa sababu hiyo, mtu aliyepofushwa na kiharusi cha kisogoni haoni kitu, lakini mboni zake husinyaa kama kawaida.

Kila kiini cha pritektamu hupeleka nyuzi kwenye viini vya Edinger-Westphal vya pande zote mbili. Ludwig Edinger alivieleza kwa kijusi mwaka 1885. Carl Westphal akavieleza kwa mtu mzima mwaka 1887. Kutoka hapo nyuzi za parasimpathetiki hufuata neva ya tatu, hupokezana katika ganglioni ya silia nyuma ya jicho, kisha neva fupi za silia huukaza msuli wa duara wa irisi.

Mgawanyo huo wa pande mbili ndio hazina ya mpimaji. Ukimulika jicho la kulia la mtu mzima wa afya, la kushoto nalo husinyaa. Neva ya macho ya kushoto ikikatika, kumulika jicho la kushoto hakusinyazi mboni yoyote, ilhali kumulika la kulia husinyaza zote mbili. Ikiwa iliyokatika ni neva ya tatu ya kushoto, mboni ya kushoto hubaki wazi popote umulikapo, na ya kulia huitikia kila mara.

Mwaka 1869 Douglas Argyll Robertson wa Edinburgh alieleza wagonjwa wenye mboni ndogo zisizojali mwanga lakini zinazosinyaa mtu anapotazama kitu cha karibu. Baadaye hali hiyo ilihusishwa na kaswende ya mfumo wa neva.

Kutanuka kuna njia yake ya simpathetiki, ndefu ajabu. Huanzia haipothalamasi, hushuka hadi sehemu ya juu ya uti wa mgongo kifuani, hutoka na kupita juu ya ncha ya pafu, kisha hupanda shingoni sambamba na ateri ya karotidi hadi jichoni. Hivyo uvimbe wa saratani kwenye ncha ya pafu huweza kujionyesha usoni: mboni ndogo, kope iliyolegea na upande wa uso usiotoa jasho. Hiyo ndiyo dalili ya Horner.

 

Katika neva ya tatu, nyuzi za mboni hukaa pembezoni. Ubongo ukivimba baada ya jeraha la kichwa na kuibana neva hiyo, nyuzi hizo huathirika mapema, hivyo mboni moja iliyotanuka na kukataa mwanga ni dharura. Kisukari kwa kawaida hudhuru nyuzi za katikati: jicho hushindwa kugeuka na kope huanguka, lakini mara nyingi mboni husalimika.