Mtaro Uliogeuka Kitabu

Nikiacha chuo mwaka wa pili, nilikuwa nasoma historia, na nilikuwa nimechoka kukariri tarehe za wenye vyeo. Juzi nikiangalia picha za ukuta mmoja wa Los Angeles nikajiambia: kumbe darasa nililotaka lilikuwa mtaroni.

Mwaka 1974, wahandisi wa jeshi la Marekani walimwendea mchoraji Judy Baca. Mto wa Tujunga ulikuwa umefungiwa kwenye mfereji wa saruji ili kuzuia mafuriko, na mahali pale palikuwa pabaya kutazama. Wao walitaka urembo. Baca aliona ukuta wa kutosha kusimulia historia ya California, ile ya watu walioachwa nje ya vitabu.

Rangi ilianza kupakwa 1976. Msimu huo walikuja vijana 80, wengi wao wametumwa na idara za sheria. Yaani, wasee ambao serikali ilishawaandika kama kesi. Walilipwa. Na kabla ya rangi kulikuwa na utafiti: wanahistoria waliitwa, wakazi wakahojiwa. Kufikia 1983, baada ya misimu mitano ya kiangazi, vijana zaidi ya 400 walikuwa wamechora karibu mita 840.

Tazama kipande cha Chavez Ravine. Huko, miaka ya 1950, familia zenye asili ya Meksiko zilifurushwa zikiambiwa zitajengwa nyumba za umma. Badala yake ukaja uwanja wa besiboli wa Dodgers. Ukutani, uwanja huo unashuka kutoka angani juu ya nyumba za watu, kama chombo cha viumbe wa sayari nyingine. Hapo hukariri chochote. Unaona, unaelewa.

Mtaani kwetu pia tuliwahi kuitwa kupaka ukuta. Mchoro ulikuja ukiwa tayari. Tukashikishwa brashi, tukapigwa picha, tukapewa soda, basi. Hakuna aliyeuliza pale palikuwa nini zamani. Na shosho wa ploti yetu, aliyefika kabla ya lami, alikuwa ameketi hapo kando kwa stuli, akitutazama.

Mwaka 2017 ukuta wa Tujunga uliingizwa katika orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria. Waliofika wakiwa kesi, kazi ya mikono yao sasa ni kumbukumbu ya nchi.

Mimi sina rangi bado. Nina daftari, na kesho naenda kwa shosho.